Ship Rock, au Tsé Bitʼaʼí: mwamba huu ulizaliwaje, na uitweje darasani?

Mwalimu wa Kidato cha Tano ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya sura za nchi zinazotokana na volkano, hukutana na picha ileile. Ni mwamba mweusi uliochongoka, uliosimama peke yake katika uwanda mkavu wa kaskazini-magharibi mwa jimbo la New Mexico, Marekani, na kutoka ubavuni mwake umetoka ukuta mrefu na mwembamba wa mawe unaokwenda mbali mpaka unapotea. Chini ya picha huandikwa kwamba mwamba huo ni Ship Rock, kwamba ni kizibo cha volkano, na kwamba ukuta ule ni daiki. Maelezo huishia hapo.

Mwaka huu wanafunzi wangu hawakuridhika, na nakiri kwamba hata mimi sikuwa na majibu. Mmoja aliuliza kwamba, ikiwa hicho ni kizibo, mlima uliozibwa uko wapi, na nani ameubeba. Mwingine, ambaye alikuwa amejisomea zaidi, alisema kwamba Wanavajo, wenye ardhi hiyo, huuita Tsé Bitʼaʼí, yaani mwamba wenye mabawa, akataka kujua kama mabawa yanayotajwa ndizo zile kuta. Swali la tatu ni langu mwenyewe. Vitabu vingine huuweka mwamba huu katika kundi la vilima viitwavyo byuti, na ningependa kujua kama neno hilo linaufaa au ni mazoea tu ya waandishi.

Naomba maelezo ya kina, kwa kuwa nataka kulirudia somo hili upya na si kuwasomea sentensi zilezile tatu.

---

Mpima Miamba wa Kanda ya Ziwa amejibu:

Mwalimu, salaam. Mwanafunzi wako wa kwanza amegusa mahali ambapo picha hiyo hupotosha wengi. Mtu akiutazama mwamba ulioinuka mita 482 juu ya uwanda, na ambao kilele chake kiko mita 2,188 hivi juu ya usawa wa bahari, hudhani mara moja kwamba kitu fulani kilisukumwa juu kikabaki pale. Mambo yalikwenda kinyume chake: mwamba ulibaki mahali ulipogandia, na ardhi iliyouzunguka ndiyo iliyoshuka. Hiki tunachokiona leo kikipigwa na jua kiligandia gizani, kati ya mita 750 na 1,000 chini ya uso wa nchi wa wakati ule, miaka milioni 27 hivi iliyopita.

Yaliyotokea, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni haya. Magma ilipanda kutoka chini sana kwa kufuata nyufa. Ilipokaribia juu ilikutana na maji yaliyokuwamo ndani ya miamba ya mashapo, na maji yale yakageuka mvuke kwa ghafla, yakalipuka. Mlipuko mmoja ukafungua njia ya mlipuko mwingine, ukuta wa tundu ukapasuka vipandevipande, na vipande vile, vikiwa vimechanganyika na matone ya magma, vikarushwa juu. Vingi vikaanguka tena ndani ya tundu lenyewe, vikarushwa, vikaanguka, hata tundu likajaa. Bomba la namna hiyo lililojaa vipande huitwa dayatrimu, na mwamba unaopatikana vipande hivyo vinaposhikamana huitwa breksia. Baadaye magma iliyobaki ilipenya katika nyufa za breksia hiyo na katika nchi iliyoizunguka, ikaganda humo kuwa kuta, na kuta hizo ndizo daiki.

Kwa hiyo neno "kizibo" katika kitabu chako halitoshi. Kizibo hasa ni magma iliyotulia ndani ya njia yake na kuganda ikiwa nzima. Mfano mzuri tunao hapa Afrika Mashariki: vilele vya Batian na Nelion vya Mlima Kenya ni mwamba wa chembe kubwa uliopoa polepole ndani ya koo la volkano iliyokuwa juu yake. Ship Rock kwa sehemu kubwa ni kifusi kilichoshikamana, kikiwa kimeimarishwa na mishipa ya mwamba mgumu. Mimi hupendelea kusema "shingo ya volkano", kwa sababu shingo hutaja mahali tu na haidai kwamba ndani yake kuna lava tupu.

Mwamba wa mishipa hiyo huitwa mineti. Ni mweusi au wa kijivu cheusi, na umejaa ulanga wa rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiuvunja kwa nyundo na kuugeuza kwenye jua, humetameta. Mineti ni wa jamii ya miamba iitwayo lamprofaya, jina lililotolewa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kung'aa, na kinachong'aa ni huo ulanga. Si mwamba wa kawaida duniani, lakini katika eneo lile, linaloitwa Uwanda wa Volkano wa Navajo, upo katika vilima vingi, ikiwa ni pamoja na Agathla, shingo nyingine maarufu iliyoko upande wa Arizona.

Sasa, nani ameubeba mlima? Ship Rock umezungukwa na mwamba laini wa tope lililoganda, uitwao Mancos. Tope hilo lilitua chini ya bahari iliyoigawa Amerika ya Kaskazini kutoka kaskazini hadi kusini, zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Mwamba wa namna hiyo ukilowa hulainika na ukikauka hupasuka, na mvua chache za jangwani, zinaposhuka kwa nguvu kwenye ardhi isiyo na majani, huuchukua kama unga. Juu ya Mancos kulikuwa na tabaka nyingine nyingi, nazo zimekwenda zote, kijito kwa kijito, hadi Mto San Juan na kutoka hapo hadi Mto Colorado. Breksia na mineti, kwa ugumu wao, zimebaki zimesimama.

Darasa lako liko Tanzania, na nchi yetu ina vitu viwili ambavyo nisingependa vikupite. Mkoani Tabora kuna vilima vidogo vya Igwisi, volkano changa kuliko zote za kimberlaiti (mwamba wa volkano unaoweza kubeba almasi) zinazojulikana duniani, zenye umri wa miaka 12,000 hivi. Igwisi bado ina vichuguu vyake vya majivu na hata lava yake juu ya ardhi. Mkoani Shinyanga kuna Mwadui, bomba la kimberlaiti lililogunduliwa mwaka 1940, lenye eneo la hekta 146 juu ya uso wa nchi. Pale vichuguu vimekwisha kuondolewa na mmomonyoko, lakini mashapo yaliyotua ndani ya kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, yamehifadhika. Kimberlaiti si mwamba mmoja na mineti, na hutoka chini zaidi, lakini zote mbili hupanda kwa kasi, hulipuka, na kuacha bomba la vipande. Mwanafunzi akianzia Igwisi, akaja Mwadui, kisha akamalizia Ship Rock, atakuwa ameshuka kutoka mdomoni hadi kooni bila kuchimba hata futi moja.

---

Mkazi wa Farmington amejibu:

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Farmington, mji ulio mashariki ya mwamba huo, kwa mwaka wa tisa sasa. Maelezo ya jiolojia yaliyotolewa hapo juu yamenifunza mengi ambayo nimekuwa nikiyapita barabarani bila kuyaelewa. Nitaongeza yale ambayo mtu huyaona na kuyasikia akiwa hapa.

Kwanza, umbali. Katika siku isiyo na vumbi mwamba huanza kuonekana ukiwa bado makumi ya kilomita, na kwa muda mrefu unaendesha gari bila kuuona ukikaribia. Asubuhi ni wa kahawia, mchana mweusi, na jua linapozama nyuma yake hubaki kivuli kitupu chenye ncha mbili tatu. Barabara iendayo Red Valley hupita katika pengo la ukuta wa kusini, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya daiki. Huku na huku tope lililoganda limelala tambarare, na katikati yake ukuta mweusi umesimama wima kama kiambaza cha nyumba ambayo vyumba vyake vimebomolewa vyote.

Pili, ardhi hii ni ya Taifa la Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, yaani watu. Kupanda mwamba kumekatazwa kabisa tangu mwaka 1970. Waliofika kileleni kwa mara ya kwanza kwa kamba walikuwa wapandaji wanne kutoka California, mmoja wao akiwa David Brower, mwezi wa Oktoba 1939. Ukisoma vitabu vya upandaji milima utakuta safari hiyo imesifiwa sana, kwa sababu ndiyo iliyotumia kwa mara ya kwanza nchini Marekani misumari inayokazwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye mwamba. Ukizungumza na wenyeji, jambo hilo halitajwi kwa sifa. Mfanyakazi mwenzangu ambaye ni Mdiné alinieleza kwa upole kwamba familia yao huutazama kutoka mbali, na kwamba haoni sababu ya mtu kwenda kuukanyaga. Tangu hapo sijausogelea kupita barabara ya lami, na sijahisi kwamba nimepungukiwa na kitu.

Tatu, mabawa. Nilivyosikia hapa, na ndivyo inavyosimuliwa kwa kawaida, jina latokana na ndege mkubwa aliyewabeba wahenga wa Diné kutoka kaskazini na kuwaleta katika nchi hii, kisha akatua na kuwa mwamba. Kuna pia simulizi ya ndege wakali waliojenga kiota juu yake wakawa wanawala watu, mpaka shujaa Muuaji wa Majitu, mmoja wa ndugu pacha, alipowaua wale wakubwa, akayahurumia makinda yao na kuyageuza, moja likawa tai na jingine bundi. Mwanafunzi wako amewaza vizuri kuhusu kuta, lakini ningemweleza kwamba anayetajwa katika jina ni ndege.

Jambo moja zaidi ambalo huwachanganya wageni: mji wa Shiprock, ulio kilomita 17 hivi kaskazini-mashariki ya mwamba, haukuitwa na Wadiné kwa jina la mwamba hata kidogo. Wao huuita Naatʼáanii Nééz, yaani kiongozi mrefu, kwa kumkumbuka msimamizi wa serikali aliyeuanzisha mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye alikuwa mtu wa kimo kirefu. Kwa Kiingereza mji na mwamba ni jina moja. Kwa wenyeji ni vitu viwili visivyohusiana.

---

Msomaji wa Isimu amejibu:

Ninashukuru kwa maelezo ya ndugu wa Farmington, kwa sababu yamenirahisishia kazi. Nitajikita katika jina.

Neno *tsé* katika Kinavajo ni mwamba au jiwe. Katika *bitʼaʼí*, kiini ni *tʼaʼ*, yaani bawa, na *bi-* kilicho mbele yake ni kiambishi cha umilikaji, chenye kazi inayokaribiana na ya "-ake" katika lugha yetu. Kwa hiyo tafsiri ya "mwamba wenye mabawa" ni nzuri, na mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea viambishi, hana haja ya maelezo marefu. Alama zinazofanana na koma ndogo juu ya herufi si mapambo. Zinaonyesha sauti inayokatwa kooni, na alama juu ya *é* huonyesha toni ya juu. Ukiandika ubaoni, Mwalimu, ziandike zote.

Jina la Kiingereza lina historia fupi zaidi. Mwaka 1860 ncha ya juu ya mwamba iliandikwa kwa jina la Sindano. Katika miaka ya 1870 ramani za wapima ardhi wa Marekani zikaanza kuonyesha Ship Rock, kwa kuwa kutoka mbali waliona mfano wa meli kubwa ya matanga ya karne ile, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita merikebu. Sindano na merikebu ni majina ya macho: mtu anapita, anafananisha, anaandika. Tsé Bitʼaʼí ni jina la kisa, na haliwezi kueleweka bila kujua nani alikuja, kutoka wapi, na akabebwa na nani. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya majina haya, kuliko suala la lugha.

Mwalimu anaweza kulinganisha na Mlima Kenya uliotajwa hapo juu, ingawa si kisa kilekile. Batian ni jina lenye asili ya hapahapa, kwa kuwa linamkumbuka Mbatian, laibon mkuu wa Wamaasai, lakini aliyelipachika juu ya kilele ni Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1899. Wakikuyu tayari walikuwa na jina lao la mlima wote, Kirinyaga. Jina linaweza kutolewa katika lugha ya nchi na bado likawa limebandikwa na mgeni.

Kuhusu matumizi, mimi sikubaliani na wale wanaotaka kutafsiri na kuandika "Mwamba wa Merikebu" katika vitabu vyetu. Jina la mahali hubebwa lilivyo. Lakini ningeandika mawili pamoja, nikianza na Tsé Bitʼaʼí, kwa kuwa ndilo linaloendelea kutamkwa kila siku na watu wanaoishi chini ya kivuli chake.

Na byuti? Neno hilo lilitoka Kifaransa, ambako ni kilima kidogo tu. Huko magharibi mwa Marekani lilipata maana ya kilima cha pekee chenye kuta wima, mara nyingi kikiwa bapa juu kwa sababu kimefunikwa na tabaka gumu la mashapo. Baadaye likapanuliwa hata kwa vilima vya volkano visivyo na ubapa wowote, na ni kwa maana hiyo pana tu ndipo linaufaa mwamba huu.

---

Mwalimu wa Kidato cha Tano ameandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimelichapisha jibu la Mpima Miamba na kulisoma mara mbili. Nimebaki na mashaka mawili. La kwanza: nikichora, nichore mlima wa umbo gani juu ya Ship Rock kuonyesha kilichokuwapo zamani? Mkono wangu unataka kuchora koni kama Kilimanjaro, lakini sina hakika. La pili: kuta zile zilitoka kwenye shingo kwenda nje, kama miale, au shingo ndiyo iliyotoka kwenye kuta?

---

Mpima Miamba wa Kanda ya Ziwa amejibu:

Usichore Kilimanjaro, Mwalimu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kushika chaki. Milipuko ya magma na maji kwa kawaida haijengi mlima mrefu. Huchimba kasoko pana, yenye ukingo mfupi wa majivu na vipande, ambayo baadaye huweza kujaa maji na kuwa ziwa. Chora uwanda wa kale ulio karibu tambarare, na ndani yake kasoko ya namna hiyo, kisha bomba linaloshuka likipungua upana kama faneli. Ndiyo maana jibu kwa mwanafunzi wako wa kwanza linapaswa kurekebishwa kidogo: kilichobebwa na mito hakikuwa mlima mmoja mkubwa. Ilikuwa ni nchi nzima, unene wa karibu kilomita moja, pamoja na kasoko iliyokuwa juu yake.

Swali lako la pili ni zuri zaidi kuliko unavyodhani. Mwaka 1981 Paul Delaney na David Pollard walichapisha uchunguzi wao wa kuta za Ship Rock, na hasa ule wa kaskazini-mashariki. Walikuta kwamba ukuta huo si kitu kimoja kilichoungana, kwani umegawanyika katika vipande 35 vinavyofuatana, na kwamba mahali fulani umevimba na kuwa na breksia, kama shingo ndogo zilizoanza kukua zikakatishwa. Maelezo yao ni kwamba magma hupanda kwanza katika ufa mrefu mwembamba, kwa sababu kuupasua mwamba ni rahisi kuliko kuutoboa. Lakini ufa mwembamba hupoteza joto haraka, hivyo sehemu nyingi zake huganda na kuziba, huku pale palipo pana kidogo mkondo ukiendelea kupita, ukila kingo na kupanuka. Mwishowe njia yote huhamia kwenye tundu moja au mawili. Kwa hiyo, katika mfano huo, ufa hutangulia na shingo hufuata. Kuta nyingine ndani ya breksia ya Ship Rock zilikuja baadaye, nazo zichore zikiikata breksia.

Kwa mchoro wa ubaoni, pitisha mistari mitatu ya mlalo iliyokatikakatika kwenye bomba lako. Wa juu kabisa, unaogusa ukingo wa kasoko, uandike Igwisi. Wa pili, ndani ya kasoko, uandike Mwadui. Wa tatu, chini kabisa, uandike Tsé Bitʼaʼí, na waeleze wanafunzi kwamba kila mstari ni uso wa nchi wa leo mahali hapo.

Ukitaka wauone ukuta kwa vipimo vya kweli, tumia karatasi na usitumie ubao. Ukuta wa kaskazini-mashariki una urefu wa kilomita 2.9 na unene wa wastani wa mita 2.3. Kwa skeli ya sentimita moja kwa mita 100, mwamba utakuwa na kimo cha sentimita 4.8, na ukuta utakuwa na urefu wa sentimita 29. Unene wake utakuwa chini ya robo ya milimita, kwa hiyo penseli ichongwe vizuri.